Katlesi Thelathini za Mamangu

Mamangu alifariki siku tisa kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, na ndani ya friza alituachia katlesi thelathini za samaki. Alizifanya Alhamisi hali amefunga, akafariki Jumapili baada ya adhuhuri kwa presha iliyompanda ghafla. Jumatatu nyumba ilijaa watu, na kila aliyeingia jikoni kutafuta maji ya baridi alifungua friza, akayaona makopo mawili ya aiskrimu alimozipanga, akauliza ni ya nani. Nilikuwa nikijibu kwa ukali, "Ya baba. Usiguse." Watu walinisamehe kwa sababu ya msiba, ingawa wanaonijua wanajua kwamba hata bila msiba mimi hasira zangu ziko karibu.

Hazikuwa thelathini kwa bahati. Mtaani kwetu, huku Malindi mji wa kale, Shaabani ikiingia wanawake huanza kukunja sambusa na kufinyanga katlesi za kuweka kwenye friza, ili mfungo ukifika wasisimame jikoni siku nzima na kiu kooni. Mama naye alifanya hivyo, lakini kabla ya za watoto na za wageni alianza na thelathini za babangu, moja kwa kila magharibi. Baba alifungua kwa tende na maji, akaenda kuswali, na akirudi alikuta kisahani chenye katlesi moja iliyomwagiwa sosi ya tui. Mpaka amalize hiyo, hakugusa kitu kingine mezani. Mwezi ukiwa wa siku ishirini na tisa, ile moja iliyobaki mama aliila mwenyewe asubuhi ya Idi, amesimama mlangoni pa jikoni, bila sosi. Alisema huo ndio ujira wake.

Mimi ni mpishi. Nafanya kazi hotelini Bofa, kule Kilifi, na kwa miaka kumi na minne nimewapikia wageni katlesi za samaki za kizungu, zilizopakwa chenga za mkate, na sosi nyeupe ya siagi na krimu. Wanazipenda. Wengine huja mpaka mlango wa jikoni kuomba niwaandikie namna ya kuzipika. Mpishi mkuu aliyenifunza alikuwa na neno moja tu mdomoni: onja. Onja kabla, onja kati, onja kabla sahani haijatoka. Hata leo mfukoni mwa aproni yangu kuna kijiko cha chai, na kikipotea siwezi kufanya kazi.

Mamangu hakuonja. Nilipokuwa msichana hilo lilinikera, na nilipokuwa mpishi likanikera zaidi. Shaabani alikuwa akilipa siku zake za kadha na kufunga Jumatatu na Alhamisi, kwa hiyo katlesi zile alizifanya akiwa na saumu. Nilimwambia mara ngapi kwamba masheikh wenyewe wanasema mpishi anaweza kugusa chakula kwa ncha ya ulimi akatema, na saumu yake iko salama. Akanijibu, "Hao masheikh wanaziamini ndimi zao. Mimi wangu siuamini." Basi akatia chumvi kwa kukisia, jicho liko kwa paka dirishani, na mazungumzo hayakatiki. Mwaka mmoja zilitoka chapwa, mwaka mwingine ukali wa chumvi ulikufanya ukunje uso. Nilikuwa nikimcheka, naye akinitazama na kusema, "Babako hajalalamika."

Mengine yote alinishinda. Alichukua nguru, kipande cha mkiani, akamchemsha na manjano, ndimu na kitunguu thomu, akamwacha apoe. Halafu akamchambua juu ya sinia la bati, akiisugua nyama kwa ncha za vidole vyake taratibu, kichwa amekiinamisha upande. Alikuwa anasikiliza. Mwiba hata uwe mdogo vipi, ukigusa bati hulia, na mama aliusikia hata redio ikiwa imewashwa. Kisha akachanganya na viazi vilivyopondwa, kotmiri, pilipili mbichi na vitunguu alivyovikamua maji. Akafinyanga, na kila moja akaibonyeza katikati kwa kidole gumba, sosi ipate pa kutulia. Gumba lake lilikuwa na kovu, alijikata kwa mbuzi ya kukunia nazi akiwa mwari, na lile kovu liliacha mstari mdogo katikati ya kila kidimbwi.

Huo mstari ndio ulioniponza.

Nilichukua likizo ya mfungo mzima ili nikae na baba. Alikuwa fundi wa saa, amestaafu miaka mingi sasa, na macho yake yaliishia ndani ya saa za watu. Anaona umbo, haoni sura. Siku ya kwanza ya mfungo, baada ya alasiri, alikuwa amekaa kwenye kiti chake kule ukumbini, tasbihi mkononi, akaniita. "Mwanangu," akasema, "leo nikaangie moja ya mamako." Alisema kama mtu anayeomba glasi ya maji. Nikamwambia naam baba.

Nikafungua friza. Mama alizipanga safu kwa safu, na kati ya safu na safu ametandika vipande vya pakiti za maziwa alizozikata na kuziosha. Nikainua moja. Ule mstari ulikuwepo. Katika zote thelathini ulikuwepo, umeganda, na barafu nyembamba imekaa ndani yake. Nilikuwa nimefua nguo zake, nimegawa nyingine, nimekunja msala wake, na sikulia kama nilivyolia pale nimeshika katlesi ya samaki mpaka vidole vikafa ganzi. Niliwaza kwamba baada ya siku thelathini hakutakuwa na kitu chochote duniani chenye alama ya mkono wa mamangu. Baba atakuwa amezila zote. Nikaona uchungu, na niseme kweli, nilimwonea choyo. Babangu mzazi.

Nikairudisha. Asubuhi ile nilikuwa nimetengeneza katlesi zangu za nyumbani, kwa nguru yuleyule na kwa mpango uleule wa mama. Nikachukua moja, nikaibonyeza katikati kwa gumba langu lisilo na kovu, nikaichovya kwenye yai, nikaikaanga. Nikakuna nazi, nikakamua tui zito la kwanza, nikaliweka juu ya moto mdogo na thomu na pilipili, nikalikoroga kwa upande mmoja bila kuacha mkono, maana tui ukilipa kisogo hukatika likawa maji na mafuta. Ndimu nikaitia baada ya kuepua. Nikaonja kwa ncha ya ulimi, nikatema, nikaongeza chumvi kidogo tu. Ikakaa sawa.

Baba aliporudi kutoka msikitini nilimwekea kisahani mbele. Akasoma Bismillahi, akamega, akatia kinywani, akafumba macho. Alikaa vile muda mrefu bila kutafuna. Mimi nilikuwa nimesimama na jagi la maji, tende yangu bado iko shavuni.

"Hii ya mamako?" akauliza.

"Ya mama, baba."

Nilimdanganya mtu aliyefiwa, katika mwezi ambao hata kusengenya tunajizuia, na kabla futari haijanishuka tumboni. Baba akasema Alhamdulillahi, akala ikaisha, akapangusa sosi kwa kipande cha mkate wa mofa. Hakuuliza tena, siku ile wala siku nyingine. Ila kila magharibi alifanya vilevile. Alimega, akatia kinywani, akafumba macho, akangoja. Nilidhani anamkumbuka mkewe. Nilikuwa naona uchungu kumtazama, nikawa natafuta cha kufanya jikoni mpaka amalize.

Nyumba ile ilibadilika mwezi ule, ama mimi ndiye niliyebadilika. Friza tunaiweka kwenye ujia wa kwenda jikoni, ni ya zamani, na injini yake ikiwaka hunguruma kidogo kisha ikatulia kama mtu aliyetaka kusema neno akaghairi. Nilianza kuisikiliza. Nikiwa nakuna nazi, nilikuwa nasimamisha mkono, kwa sababu nilisikia mbuzi nyingine ikikuna chumbani nyuma yangu, na nikisimama nayo ilisimama. Najua ni mwangwi wa ukuta. Nimekulia mle, na mwangwi ule sikuwahi kuusikia. Kila siku baada ya kumpa baba katlesi yangu, nilifungua friza kuangalia kama zile thelathini zipo. Zilikuwepo. Nikapitisha kidole juu ya ule mstari, nikafunga. Nikafika hadi ya kuongea nazo. Nilisema, "Mama, nisamehe, kesho nitampa." Na kesho sikumpa.

Nilijitetea kwa kila namna. Nikasema baba haoni, basi hana alichokosa. Nikasema zangu ni tamu kuliko zake, na hilo mpishi yeyote angelikubali. Nikasema nitampa zile kumi za mwisho, zenye baraka zaidi. Siku ya ishirini na moja nikapigiwa simu kutoka hotelini kwamba kundi kubwa la wageni limeingia na wapishi wawili ni wagonjwa, nisaidie siku tatu. Sikutaka. Baba akaniambia nenda, kazi ni amana, futari ataletewa na jirani yetu, mama Mhindi mwenye duka la vitambaa, ambaye kila mwaka hutuletea sinia japo yeye si Mwislamu. Nikakaanga katlesi zangu tatu mpaka zikakauka, zisiharibike, nikaziweka kwenye hotipoti na kuushika mkono wake kumwonyesha zilipo. "Za mama hizi," nikamwambia tena. Wakati huo uongo ulikuwa hauniwashi.

Bofa nilipika sahani nyingi za zile katlesi za krimu, na kila niliyoibonyeza niliitazama. Mgeni mmoja mwanamke, mtu mzima, alikuja mlangoni akaniambia zimemkumbusha nyumbani kwao. Nikamkatiza kwa ukali, nikamwambia chakula chake kinapoa. Mpishi mwenzangu alinitazama kwa mshangao. Sikujua mwenyewe kilichonipanda.

Nilirudi Malindi siku ya ishirini na nne, kabla ya alasiri. Harufu ilinipokea uchochoroni, kabla sijafika mlangoni. Nikadhani ni paka aliyekufa. Nikapiga hodi, nikaingia, nikamwamkia baba shikamoo, akaitikia marahaba, amekaa palepale kwenye kiti chake. Nikabonyeza swichi ya ujia, taa haikuwaka. Transfoma ya mtaa wetu ilikuwa imelipuka jioni ileile niliyoondoka, na mafundi walikuwa bado hawajaja. Sakafuni chini ya friza kulikuwa na maji yaliyofuata mfereji wa vigae mpaka karibu na miguu ya baba.

Nilifungua. Katlesi zilikuwa zimelainika zikashikana, safu imezama katika safu, na pale palipokuwa na vidimbwi palikuwa pamejaa maji ya rangi ya manjano. Nilitafuta alama moja, moja tu, nikichakura kwa vidole kwenye kopo la kwanza, kisha la pili. Hakukuwa na mstari popote. Nikakaa chini kwenye yale maji na buibui langu, nikapiga kelele ambazo sikuzipiga siku ya jeneza.

Baba akaja akipapasa ukuta. Akanisimamia.

"Mbona hukunipigia simu, baba?" nikamwambia. Hata pale nilikuwa namgombeza yeye. "Siku tatu unakaa na harufu hii. Ungemwambia mama Mhindi azipeleke kwa mtu mwenye stima mtaa wa pili. Ungemwambia akukaangie ule zote."

Ndipo nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimeukumbatia mguu wa friza, sikuweza kumtazama ingawa najua haoni. "Sikukupa za mama hata siku moja. Zote ulizokula ni zangu. Zake ni hizi."

"Najua," akasema.

Nikamuuliza amejuaje, na tangu lini.

"Tangu ya kwanza. Ilikuwa na chumvi sawa." Alitafuta kwa mkono mpaka akakipata kiti cha jikoni, akakaa. "Miaka arubaini na tatu nimekula katlesi za mamako. Sikupata kula hata moja iliyokaa chumvi sawa. Ikipungua nilijua mwaka huu alipika huku anazungumza. Ikizidi nilijua tuligombana wiki ile."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Ningekwambia wewe mwongo, ndani ya Ramadhani, mtoto umefiwa na mamako juzi? Nilikusitiri. Kisha nilidhani utanipa. Kila magharibi nilisema labda ya leo. Nikaitia kinywani, nikatafuta chumvi yake."

Hapo nikaelewa alichokuwa akifanya alipofumba macho, siku ishirini, nami nimemwacha peke yake mezani nikajifanya naosha vyombo.

"Na stima ilipopotea?" nikamuuliza. "Mimi sikuwepo. Ungekula bila mimi kujua."

"Ungerudi ukakuta zimepungua," akasema. "Ungejua kwamba najua. Ningekutia haya."

Kwetu, kumsitiri mtu ni jambo kubwa, na mimi nimelelewa nikisikia hivyo tangu utotoni. Kumwona mwenzako uchi wa makosa yake ukamfunika, tena usimwambie umemfunika. Sikuwahi kufikiri kwamba anayefunika naye hulipa. Babangu alikaa siku tatu ndani ya nyumba ile, anasikia harufu ikibadilika saa hadi saa, anajua kinachoharibika ni nini, hatua kumi kutoka alipokaa. Hakuinua kifuniko kwa ajili ya uso wangu mimi.

Tulizifukia uani chini ya mndimu kabla ya magharibi, kwa sababu baba alikataa zitupwe jaani. Nilichimba mimi, naye akashika makopo. Paka wa mtaa mzima walikuja wakakaa juu ya ukuta kwa wiki moja, wanatazama pale chini. Baba aliweka jiwe. Idi ilipofika, mwezi ulikuwa umeandama kwa ishirini na tisa, na asubuhi nilipoingia jikoni nilipisha mlangoni kama vile kuna mtu amesimama anakula. Bado napisha.

Hayo yalikuwa mwaka juzi. Mwaka jana, Shaabani, niliomba ruhusa hotelini, nikaja Malindi nikatengeneza thelathini. Nilifunga Alhamisi. Kijiko changu nilikiacha Kilifi makusudi. Nilipofika kwenye chumvi niligeuza uso dirishani, nikaanza kuzungumza na paka, nikatia. Sikuonja. Ramadhani ilipoingia nikamkaangia baba ya kwanza, akamega, akafumba macho, nami safari hii nilikaa mezani mbele yake. Akafumbua. "Nzuri," akasema. Nikajua nimeshindwa.

Mwaka huu nimejaribu tena. Nimetia chumvi mara mbili, nikafinyanga huku machozi yananitoka kwa hasira, maana mkono wangu umefunzwa miaka kumi na minne na hautaki kusahau. Hata nikitaka kukosea, unakwenda wenyewe mahali pake na kusimama pale panapofaa. Jana ilikuwa mosi Ramadhani. Baba amedhoofika sasa, namkatia tende, namshikia glasi. Nilimwekea kisahani, katlesi moja, kidimbwi cha sosi katikati. Akamega kipande, akakiweka kinywani, akafumba macho, na nikaona taya lake limesimama, linangoja.

Kisha akatafuna. "Nzuri sana, mwanangu," akasema. "Chumvi imekaa barabara." Akaila yote mpaka ikaisha, kwa adabu, vile mgeni anavyokula kwa watu.